Kagera ya Vitabuni, Kagera Isiyofika Kwenye Filamu

Ukanda wa magharibi ya Ziwa Viktoria, unaoanzia bonde la mto Kagera, kupita mji wa Bukoba na kushuka hadi Muleba, yaani nchi iliyojulikana zamani kama Ihangiro, umegusana na riwaya za kigeni mara nyingi kuliko wasomaji wake wenyewe wanavyofahamu, na hata pale ambapo haukutajwa kwa jina, watu waliopita humo wamehusishwa na wahusika mashuhuri wa hadithi hizo. Hata hivyo, riwaya hizo zilipogeuzwa filamu, tena filamu ambazo baadhi yake zimependwa duniani kote na kupata tuzo kubwa, ukanda huu ulitoweka karibu kila mara: ama safari ilipindishwa, ama hadithi ilikatwa kabla haijafika, ama kamera ilipelekwa mahali pengine. Historia ya filamu hizo inaweza basi kusomwa kama historia ya kuachwa kwa Kagera, ingawa sababu ya kuachwa huko haikuwa dharau peke yake.

Kazi ya kuichukua hadithi iliyotungwa ili isomwe na kuiandika upya ili itazamwe huitwa na wanataaluma uhawilishaji, na hatua yake ya kwanza ni mswada wa filamu, ambao ni maandishi yanayoeleza onyesho moja baada ya jingine pamoja na maneno yatakayosemwa na waigizaji. Riwaya ya kurasa mia tatu humchukua msomaji siku kadhaa, ilhali filamu hutakiwa kwisha katika muda wa saa mbili hivi, na kwa hiyo mwandishi wa mswada hukata, huunganisha wahusika wawili kuwa mmoja, na huhamisha matukio hadi mahali ambapo ni rahisi kupiga picha. Kinachokatwa kwanza, kwa kawaida, ni safari ndefu, nchi za pembeni na vita ambavyo mhusika mkuu hakuvianzisha yeye, na nchi ya magharibi ya ziwa imekuwa na yote matatu.

Mfano wa mapema ni wa Mfaransa Jules Verne, ambaye riwaya yake ya majuma matano angani kwa puto, *Cinq semaines en ballon*, ilitoka Paris mwezi wa Januari 1863. Verne hakuwahi kuiona Afrika ya Mashariki. Alitegemea taarifa za wasafiri waliomtangulia, hasa Richard Burton na John Hanning Speke, ambao walikuwa wamefika Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati ule, katika safari ya miaka ya 1857 hadi 1859. Katika riwaya hiyo wasafiri watatu wanaondoka Unguja ndani ya puto, wanapita juu ya Kazeh, kisha wanaelekea kaskazini juu ya milima ya Karagwe, ufalme wa bonde la Kagera, na Ziwa Viktoria, ambalo Verne analiita Ukerewe, wakitafuta chanzo cha mto Nili. Inafaa kukumbuka kwamba Speke mwenyewe alikuwa amekaa Karagwe kwa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika tangu Novemba 1861 hadi Januari 1862, lakini habari za safari hiyo zilifika London baada ya kitabu cha Verne kuwa tayari madukani, hivyo mwandishi wa riwaya alilipita eneo hilo kwa kubuni karibu wakati uleule ambapo mpelelezi alikuwa akilipita kwa miguu.

Mwaka 1962 mwongozaji wa Marekani Irwin Allen aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, na jambo la kwanza alilolitupa lilikuwa chanzo cha Nili. Badala yake wasafiri wake wanatoka Unguja kwa haraka kwenda kusimika bendera ya Uingereza karibu na mto Volta, Afrika ya Magharibi, kabla wafanyabiashara wa watumwa hawajafika huko, na kwa mabadiliko hayo Karagwe na ziwa havikuwa na kazi tena. Filamu hiyo ni ya kuchekesha na haina madai makubwa, kwa hiyo haifai kulaumiwa sana. Lakini ilionyesha mapema kanuni ambayo ingejirudia, kwamba mtengenezaji wa filamu hubakiza mwanzo wa hadithi, ambao ni Unguja inayofahamika, na mwisho wenye shangwe, kisha hulikata bara lililo katikati.

Safari ya Burton na Speke yenyewe ilipata riwaya yake mwaka 1982, Mmarekani William Harrison alipochapisha *Burton and Speke*, na kutokana na kitabu hicho mwongozaji Bob Rafelson alitengeneza filamu ya *Mountains of the Moon* iliyotoka 1990, wakiigiza Patrick Bergin na Iain Glen. Hii ni filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na watazamaji wengi wanaopenda historia ya upelelezi huihesabu miongoni mwa zile bora. Moyo wake hata hivyo ni urafiki wa Waingereza wawili ulioharibika, na kwa sababu hiyo uzito wote uliwekwa kwenye safari ya kwanza na kwenye ugomvi wa London uliofuata, hadi kifo cha Speke mwaka 1864. Safari ya pili, ambayo Speke aliifanya na James Grant bila ya Burton, haikuwa na nafasi inayolingana na umuhimu wake, kwa kuwa rafiki aliyekwisha kukosana naye hakuwamo. Safari hiyo ya pili ndiyo iliyompeleka Speke katika ikulu ya Bweranyange huko Karagwe, kwa Rumanyika, mfalme ambaye maandishi ya Speke mwenyewe yanamsifu kwa ukarimu na kwa udadisi wa mambo ya dunia. Mtawala wa Kiafrika anayekumbukwa zaidi katika filamu ni mfalme katili wa kubuniwa, na mtu aliyesoma habari za Rumanyika hawezi kukosa kuona kwamba badiliko hilo halikuwa la faida.

Mji wa Bukoba wenyewe, kama kituo cha utawala, ulianzishwa mwezi wa Novemba 1890 na Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan chini ya serikali ya Misri. Vita vya Mahdi vilipomtenga huko, Henry Morton Stanley alitumwa kwenda kumtoa, na msafara huo wa kutisha uliopitia misitu ya Kongo ulizungumzwa sana Ulaya. Baadaye Joseph Conrad aliandika *Heart of Darkness*, hadithi iliyotoka mwaka 1899 kuhusu nahodha anayepanda mto kwenda kumchukua mzungu aliyejitenga ndani ya bara, na baadhi ya wahakiki wamemweka Emin katika orodha ndefu ya watu ambao huenda walichangia kuumbwa kwa mzungu huyo, mhusika Kurtz. Filamu iliyotokana na hadithi hiyo na kupendwa kuliko zote ni *Apocalypse Now* ya Francis Ford Coppola, ambayo iliihamishia Vietnam, ikapigiwa Ufilipino, na ikashiriki tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwezi wa Mei 1979, wakati askari wa Tanzania waliokwenda kumng'oa Idi Amin, mtawala wa Uganda, walikuwa bado wanakamilisha kazi yao kaskazini mwa nchi hiyo. Hata Nicolas Roeg, aliyeirudisha hadithi hiyo Kongo katika filamu yake ya mwaka 1993, aliipigia Belize, Amerika ya Kati.

Uhusiano wa karibu zaidi, na ambao wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kuudai, ni ule wa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Riwaya ya H. Rider Haggard, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1885, ilitafsiriwa na Frederick Johnson na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1929, na kwa miongo mingi baadaye ilikuwa miongoni mwa vitabu vya hadithi ambavyo mwanafunzi wa Tanganyika aliweza kuvipata kwa lugha yake. Shujaa wake, mwindaji Allan Quatermain, huaminiwa na wengi kuwa aliumbwa kwa kumfuata Frederick Courteney Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeishi muda mrefu kusini mwa Afrika. Selous huyo, akiwa na umri wa miaka 63, alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwezi wa Juni 1915 alikuwa miongoni mwa askari waliovuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Lengo la shambulio hilo lilikuwa mnara wa simu ya upepo, yaani mtambo wa kupeleka habari bila ya waya, ambao uliwawezesha Wajerumani kuwasiliana mbali. Baada ya mapigano ya siku mbili mji ulitekwa, mnara ukabomolewa, nyumba zikaporwa, na Waingereza wakarudi melini. Selous aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji.

Kwa hiyo mtu anayedhaniwa kuwa ndiye Quatermain alipigana kweli katika mitaa ya Bukoba, na filamu zilizotengenezwa kutokana na Quatermain ni nyingi. Ile ya mwaka 1937 hukumbukwa zaidi kwa sauti ya Paul Robeson aliyeigiza Umbopa, mfalme aliyejificha katika umbo la mpagazi. Ile ya mwaka 1950, ambayo Stewart Granger na Deborah Kerr waliigiza, ndiyo iliyokuwa na mafanikio makubwa zaidi, na ilipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa rangi wa Robert Surtees. Watengenezaji wake walimwingiza mwanamke wa Kiingereza ambaye Haggard hakumweka safarini, wakaondoa sehemu kubwa ya vita vya riwaya, na wakapeleka kamera Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, ambako wacheza ngoma wa Kitutsi walionekana katika sehemu ya mwisho. Katika historia yote inayosimuliwa hapa, hapo ndipo filamu kubwa ya Marekani iliposogea karibu zaidi na nchi ya Wahaya, yaani watu wa ukanda huu, kwa maana mto Kagera ndio unaoutenganisha upande huu na Ruanda. Ilifika kwa jirani, ikapiga picha zake, ikaondoka.

Vita hivyo vya maziwani vilizaa pia riwaya ya C. S. Forester, *The African Queen*, ya mwaka 1935, ambamo fundi wa mashua na dada wa mmisionari wanateremka mto katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani wakikusudia kuizamisha manowari ya adui. Chimbuko lake si Ziwa Viktoria bali ni Ziwa Tanganyika, ambako Waingereza walizisafirisha kwa nchi kavu mashua mbili ndogo, *Mimi* na *Toutou*, ili kupambana na Wajerumani, na ambako meli ya Kijerumani *Graf von Götzen* ilizamishwa na wenyewe, ikaopolewa baadaye, na kuwa *Liemba* inayojulikana na wakazi wa Kigoma. Katika riwaya mashujaa wanashindwa, na manowari inazamishwa na jeshi la wanamaji. Katika filamu ya John Huston ya mwaka 1951, iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake ya pekee ya Oscar, topido walizozitengeneza wenyewe ndizo zinazoizamisha, wakati wao wakikaribia kunyongwa. Badiliko hilo ni zuri kwa sinema, na pengine ndilo lililoifanya filamu ipendwe kuliko kitabu. Picha zake za Afrika zilipigwa katika mto Ruiki huko Kongo na katika eneo la maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert nchini Uganda. Ajabu ya filamu hiyo ni kwamba yenyewe ilizaa riwaya: Peter Viertel, aliyeshiriki kuandika mswada wake, alichapisha mwaka 1953 *White Hunter, Black Heart* kuhusu mwongozaji aliyeshughulikia zaidi kuwinda tembo kuliko kupiga picha, na Clint Eastwood akaigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1990, safari hii Zimbabwe.

Yote hayo ni ya kale na yanaweza kuhesabiwa kuwa bahati mbaya ya jiografia. Kuachwa kulikoumiza ni kwa vita vya mwaka 1978 na 1979, kwa sababu hapa riwaya ilikuwa imevieleza na filamu ikavikata. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliushambulia mji wa Bukoba, na mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Idi Amin yakaingia nchini na kulikalia eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, ambalo Amin alitangaza kulitwaa. Daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba, na watu wakakimbilia kusini na mali waliyoweza kuibeba. Rais Julius Nyerere alitangaza tarehe 2 Novemba kwamba Tanzania ingepigana. Adui alitolewa, kisha mwezi wa Januari 1979 Jeshi la Wananchi likavuka Mutukula, likaichukua Masaka na Mbarara mwezi wa Februari, likapigana Lukaya mwezi wa Machi, na likaingia Kampala tarehe 11 Aprili. Mkoa wenyewe, ambao mpaka hapo uliitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera mwaka huo wa 1979.

Riwaya iliyoichukua dola ya Amin na kuipeleka kwa wasomaji wa dunia ni *The Last King of Scotland* ya Giles Foden, Mwingereza aliyekulia Afrika, iliyotoka mwaka 1998 na kupata tuzo ya Whitbread ya riwaya ya kwanza. Foden huyohuyo alikuja kuandika mwaka 2004 kitabu cha historia kuhusu *Mimi* na *Toutou*, jambo linaloonyesha kwamba alivijua vita vya maziwa makuu kwa undani. Msimulizi wa riwaya yake ni Nicholas Garrigan, daktari wa kubuni kutoka Uskoti, ambaye anaanza kazi Mbarara, mji ambao kutoka Kagera si mbali, kisha anakuwa daktari wa Amin na anabaki karibu naye kwa miaka mingi kuliko dhamiri yake inavyoruhusu. Jambo muhimu ni kwamba Foden hakumwondoa Garrigan kabla ya vita: anamweka njiani wakati majeshi ya Tanzania yanasonga mbele, anamfanya aingie Kampala pamoja nayo, na kwa macho yake msomaji anayaona makombora, barabara za matope na uchovu wa askari wa Kitanzania. Uzito wa maadili wa riwaya unategemea sehemu hiyo, kwa kuwa huko ndiko mtu aliyekuwa akila mezani kwa dikteta anapolazimika kutembea na wale waliokuja kumng'oa.

Filamu ya Kevin Macdonald ya mwaka 2006, iliyoandikwa na Peter Morgan na Jeremy Brock, ilitengenezwa Uganda kwenyewe, na hilo ni la kusifiwa, kwa maana mitaa na vilima vyake ni vya kweli. Waandishi wake walifanya mambo mawili. Kwanza, walimchukua daktari wa Kiganda ambaye katika riwaya ndiye mpenzi wa Kay, mmoja wa wake za Amin, wakamfuta, na dhambi yake wakaihamishia kwa Garrigan, ili mhusika mkuu awe na hatia iliyo wazi na hatari iliyo karibu. Pili, waliikatisha hadithi mwaka 1976, katika uwanja wa ndege wa Entebbe, wakati wa utekaji wa ndege iliyokuwa na abiria wa Kiisraeli: Garrigan anateswa, anaokolewa, anaingizwa katika ndege pamoja na mateka walioachiliwa, na filamu inakwisha. Kuanguka kwa Amin mwaka 1979 kumebaki katika maandishi mafupi yanayopita mwishoni. Vita vyote vya Kagera, daraja la Kyaka, Mutukula, Lukaya na safari ya kwenda Kampala, havimo.

Sababu za uamuzi huo zinaeleweka bila ya kuzikubali. Vita huhitaji vifaru, mizinga na mamia ya watu wa kuigiza askari, na hivyo huongeza gharama maradufu. Entebbe ni jina ambalo mtazamaji wa Ulaya na Marekani alikwisha kulisikia, na filamu kadhaa zilikwisha kutengenezwa kulihusu, ilhali Kyaka ni jina ambalo angelazimika kufundishwa. Zaidi ya hayo, filamu iliyojengwa juu ya mvuto wa mtu mmoja haiwezi kustahimili saa nzima ambayo mtu huyo anakimbia na haonekani. Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, aliigiza Amin kwa namna iliyompa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora mwezi wa Februari 2007, na ni vigumu kubishana na tuzo hiyo, kwa maana kicheko chake kinapogeuka kuwa ghadhabu mtazamaji huhisi baridi mgongoni. Lakini filamu inayomwacha Amin akiwa bado na nguvu mwaka 1976 imemnyima mtazamaji jibu la swali la nani aliyemwondoa, na jibu hilo lina makaburi yake upande huu wa mpaka.

Kabla ya Foden kulikuwa na filamu nyingine, *Rise and Fall of Idi Amin* ya Sharad Patel, iliyotengenezwa Kenya na kutoka mwaka 1981, ambamo Mkenya Joseph Olita aliigiza Amin kwa kufanana naye ajabu, ingawa hiyo haikutokana na riwaya. Mwaka mmoja kabla yake, Shirika la Filamu la Tanzania pamoja na Taasisi ya Picha na Sauti zilitoa filamu ya makala, yaani filamu ya matukio halisi yasiyoigizwa, iliyoitwa *Vita vya Kagera*, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kumbukumbu kuu ya picha zinazotembea kuhusu mapigano hayo kwa upande wa Tanzania. Fasihi ya Kiswahili nayo haikukawia. Baldwin Mzirai alitoa *Kuzama kwa Idi Amin* mwaka 1980. Henry Muhanika akatunga utenzi mzima, yaani shairi refu la kusimulia lenye beti za mishororo minne mifupi, kuhusu vita hivyo na anguko la Amin, uliochapishwa 1981. Na Penina Muhando, katika tamthilia ya *Lina Ubani* ya mwaka 1984, akavitumia vita na machungu yaliyofuata kuwauliza viongozi maswali ambayo gazeti la wakati ule lisingeyauliza kwa urahisi. Kazi hizo hazikupata bahati ya Foden ya kufika kwenye skrini za dunia, na tofauti hiyo haikutokana na ubora wa maandishi peke yake, kwani uhawilishaji hufuata fedha na lugha ya wenye fedha.

Muleba ina kisa chake, kidogo lakini cha ajabu, ambacho hakikuanza kama riwaya bali kama ripoti ya madaktari. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana wa shule ya misheni ya Kashasha walianza kucheka bila ya kujizuia, na hali hiyo ikawashika wanafunzi 95 kati ya 159, hata shule ikafungwa mwezi wa Machi. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kikaenea hadi Nshamba na shule nyingine za wilaya ya Bukoba, ambayo wakati huo ilijumuisha Muleba. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walikieleza mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati kuwa histeria ya kundi, wala si furaha. Maandishi hayo machache yamesafiri kuliko vitabu vingi, na mwongozaji wa Kanada Albert Nerenberg aliyafuata hadi Tanzania katika filamu yake ya makala ya mwaka 2009, *Laughology*. Ni jambo la kutafakarisha kwamba kati ya masimulizi yote ya Muleba, lililoitwa mbele ya kamera ni lile ambalo mgeni anaweza kulichekea.

Upande wa watazamaji, filamu za kigeni zilizotokana na riwaya hazikubaki za kigeni kabisa. Tangu mwisho wa karne ya ishirini, katika vibanda vya video vya Uganda na Tanzania ilikua sanaa ya msimulizi anayeifuata filamu kwa sauti yake, akitafsiri maneno ya waigizaji, akiwapa majina na tabia zinazofahamika, na akieleza yale ambayo mwongozaji aliyaacha kimya. Nchini Tanzania jina lililovuma katika kazi hiyo ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kanda zake za filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili zilinunuliwa na kukodishwa katika miji mingi. Wachambuzi wengine wameiona kazi hii kama uharibifu wa filamu. Yafaa zaidi kuiona kama uhawilishaji wa pili, unaorudisha filamu katika masimulizi ya mdomo.

Masimulizi hayo yana asili ndefu katika nchi ya Wahaya. Enanga, yaani zeze la nyuzi nyingi lililochongwa katika kipande cha mti, hupigwa na msanii mmoja ambaye huimba kwa muda mrefu tendi za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, au za Mugasha mwenye ziwa, na kwa sauti yake pekee huwa msimulizi, mfalme, mwanamke na adui kwa zamu. Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizihusu tendi hizo, alizirekodi na kuzitetea kuwa tendi kamili mbele ya wale waliodai kwamba Afrika haikuwa na utanzu huo. Muundo wake wa matukio yanayofuatana kwa kasi, mazungumzo makali na kilele kinachotayarishwa mapema uko karibu na mswada wa filamu kuliko ulivyo muundo wa riwaya nyingi zilizotajwa juu.

Kwamba kitabu cha Kiswahili kinaweza kuvuka hadi kwenye filamu ya hadhi ya kimataifa kulithibitika mwaka 2021, wakati *Vuta N'Kuvute*, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa 1999, ilipotolewa na mwongozaji Amil Shivji, aliyeuandika mswada pamoja na Jenna Bass, na kuonyeshwa mwezi wa Septemba katika tamasha la Toronto. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, mara ya kwanza tangu *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Shivji alikuwa na faida ambazo mtengenezaji wa filamu ya Kagera asingekuwa nazo: hadithi ya Yasmin na Denge hutokea Unguja ya miaka ya 1950, katika vichochoro ambavyo bado vimesimama, na mapambano yake hufanyika kwa vipeperushi, polisi na nyimbo za taarabu, bila ya kifaru hata kimoja. Naye alikata mengi ya riwaya, kama kila mhawilishaji anavyolazimika, lakini mji alioukuta kitabuni aliubakiza kwenye filamu. Kwa vita vya Kagera kuna utenzi, tamthilia na simulizi, vyote kwa Kiswahili na vyote vimechapishwa, na mengi yaliyomo yalitokea ndani ya vyumba, makanisani, barabarani na chini ya migomba, mahali ambapo watu walikuwa wakiusubiri usiku ili waondoke, na kuyapiga picha hayo hakuhitaji bajeti ya Hollywood.